Andika na Vilivyovunjika: Namna ya Kuweka Daftari la Mlo Nyumbani

Shangazi yangu anauza vitumbua Ujiji, kibarazani kwake, tangu nikiwa shule ya msingi. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana sukari. Kliniki wakamtaka aandike kila anachokula kwa siku saba, kisha arudi na daftari. Akaandika. Ugali kidogo, dagaa, mchicha, maji ya kunywa, tena ugali kidogo. Lakini kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu kilikuwa juu sana, na aliyempokea akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba amedanganya. Alikuja kwangu Mwanga, hapa Kigoma, akiwa amelikumbatia daftari kifuani.

"Mwanangu, sikuandika uongo hata mstari mmoja."

Nilimsadiki. Nimefanya udadisi kwenye tafiti za chakula miaka kumi na minne, Kasulu, Uvinza, Buhigwe na vijiji vya mwambao wa ziwa, na watu wanaodanganya kwa kukusudia nimekutana nao wachache mno. Siku ile nikaenda kulala kwake. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa jikoni, yeye anageuza vitumbua kwa kijiti, mimi nimekaa kwenye kigoda. Kinachopasuka wakati wa kugeuza, kinachogandia kwenye kikaango, kinachoungua upande mmoja, hakiuziki. Alikuwa akikitia mdomoni bila hata kukitazama, mkono wa pili ukiendelea na kazi. Mpaka kunapambazuka nilikuwa nimehesabu sita. Jioni nikaomba daftari. Halikuwa na kitumbua hata kimoja.

Nikamuuliza kwa upole. Akanishangaa. "Vile si chakula, mwanangu. Vile ni hasara."

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama shangazi, na kwa ajili ya kijana au muuguzi atakayekaa na mtu kama yeye. Daftari la mlo ni kifaa kizuri, lakini linakosea kwa namna yake. Ukikadiria urefu wa mti mara kumi, mara nyingine utazidisha, mara nyingine utapunguza, na mwisho wastani utakuwa karibu na kweli. Daftari la mlo haliko hivyo. Makosa yake huvuta upande mmoja, kwa sababu mtu huacha kuandika kile ambacho yeye mwenyewe hakiiti chakula. Kazi yote ya kuliweka vizuri ni kukirudisha hicho kilichoachwa.

Anza na maneno, kabla ya mizani

Watu wengi wakitaka kupima chakula hukimbilia mizani. Mimi naanza na kitenzi. Mswahili akikwambia "sijala tangu asubuhi", hana maana kwamba hakuna kilichopita kooni. Ana maana hajala ugali, au wali, au ndizi. Hajakaa chini akanawa mikono. Huenda amekunywa chai, na "kunywa chai" kwetu ni pamoja na chapati mbili na muhogo wa kuchemsha. Huenda ametafuna karanga njiani, ameonja mboga mara nne jikoni, amekula embe lililoanguka uani, amekaa barazani na wazee akanywa kahawa kwa kashata. Vyote hivyo ameviweka nje ya neno "kula".

Kwa hiyo kwenye jalada la ndani la daftari, kabla ya kitu kingine, andika vitenzi: nilikula, nilikunywa, nilitafuna, nilionja, nilimung'unya, nilimalizia. Hilo la mwisho lina uzito wake kwa akina mama, maana makombo ya watoto humalizwa na mama huku anakusanya vyombo. Usiulize "umekula nini leo?" Uliza "umetia nini mdomoni tangu ulipofungua macho?" Swali hili la pili lina aibu kidogo mwanzoni, watu hucheka, lakini baada ya siku moja wanalizoea.

Shangazi tulimwongezea ukurasa wake peke yake: vitumbua vilivyopikwa, vilivyouzwa, vilivyovunjika, vilivyovunjika vimekwenda wapi. Mfanyabiashara hesabu anaijua. Hakuona haya kuandika hasara. Angeona haya kuandika ulaji.

Fikiria na wewe kazi ya mtu wako ina "hasara" gani. Muuza maandazi anayo. Anayekaanga migebuka Kibirizi anayo. Mpishi wa shule, mwenye genge la matunda yanayoanza kulainika, mke anayeonja chumvi. Mjamzito anaweza kuwa na udongo anaoutafuna kwa siri, na huo hataukutajia ukiwa na shemeji yake pembeni.

Ukurasa wenyewe

Daftari la kawaida la shule linatosha, lile la kurasa 40, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isichukuliwe na watoto. Piga mistari upate safu: saa, mahali, kitu gani, kimepikwaje, chombo kipi na kimejaa kiasi gani, kilichobaki. Safu ya kilichobaki isisahaulike. Mtu akipakuliwa sahani ya wali akaacha robo, bila safu hiyo utahesabu wote.

Saa iandikwe kwa majira yetu, saa moja asubuhi, saa nane mchana, na siku ihesabiwe kutoka kuamka mpaka kuamka, si kutoka saa sita usiku. Hili nililijifunza kwa wavuvi. Mke wa mvuvi mmoja aliniambia mumewe anakula mara moja tu kwa siku, chakula cha jioni kabla ya kwenda ziwani, na mke hakukosea kwa anachokijua yeye. Nilipompata mume mwenyewe mchana, akanieleza kwamba kila usiku, kama saa nane, wanasonga ugali mtumbwini na kupika samaki wabichi waliotoka majini muda huohuo. Mlo mkubwa kuliko wote katika siku yake haukuwa na shahidi nyumbani. Tangu hapo sikubali mtu amjibie mwenzake kama mwenzake yupo hai na anaweza kuzungumza.

Kuandika kufanyike hapo hapo, kinywa kikiwa bado kina ladha. Daftari linalojazwa jioni si daftari tena, ni kumbukumbu. Na likijazwa siku ya mwisho kwa siku zote, utalijua: wino ni mmoja, mwandiko umetulia, hakuna tone la mawese wala kidole cha masizi. Nikipokea daftari safi mno, humwomba mwenyewe kwa heshima tuianze upya siku moja tu pamoja. Lile lenye madoa ndilo ninalolipenda.

Asiyejua kuandika asiachwe nje. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kumwandikia, ingawa kuna vitu bibi hatavitaja mbele ya mjukuu. Anaweza kurekodi sauti kwenye simu. Anaweza kupiga picha ya sahani kabla na baada ya kula. Hapo weka kiberiti kando ya sahani, maana bila kitu chenye ukubwa unaojulikana, picha haikwambii kama bakuli ni la mtu mzima au la mtoto. Piga kwa kuinamia kidogo, si kutoka juu kabisa, ili kina cha chombo kionekane.

Vyombo vya nyumba ndiyo vipimo

Usimletee mtu kikombe chako. Akila kwa bakuli lake la kila siku ndipo unapima anachokula kila siku. Fanya hivi: chukua bakuli lake, kikombe chake, upawa wake, kijiko chake, uvijaze maji mpaka pale anapojaza chakula, kisha pima maji hayo kwa mizani ya jikoni. Gramu moja ya maji ni mililita moja, hesabu haina shida. Andika ukurasa wa nyuma: kikombe cha bluu, mililita 300, upawa, mililita 110. Kuanzia hapo anaweza kuandika "upawa mbili za maharage" na wewe ukajua.

Vijiko vya sukari navyo vitazamwe kwa macho. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 4 hivi. Kilichojaa mlima kinaweza kubeba mara mbili yake. Shangazi alikuwa anaweka vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Hata vingekuwa vya kusawazisha, hizo ni gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Yaani chai peke yake ilikaribia kumaliza kiasi chote, na yeye kwenye daftari la kwanza alikuwa ameandika "chai".

Sinia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vitabu vya wageni vinatuacha. Daftari la mlo lilibuniwa kwa watu wenye sahani zao. Sisi tunakula pamoja.

Katika utafiti wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nyumba moja ya watu sita walikula ugali wa muhogo kwenye sinia moja na dagaa kwenye bakuli moja. Nikapima ugali wote, nikagawa kwa sita. Kiongozi wa timu alipoyapitia makaratasi aliniita: mtoto wa miaka mitatu kwenye fomu yangu alikuwa amekula sawa na baba yake. Akanirudisha kwenye nyumba ile, safari hii nikae niangalie. Ugali ulikuwa wa moto, mkono wa mtoto ni mdogo, anapuliza tonge lake wakati kaka zake wameshachovya mara tano. Bakuli la dagaa lilikuwa mbali na mkono wake. Walipomaliza, yeye alikuwa na matonge manne. Kwenye karatasi yangu alikuwa ameshiba. Mwilini alikuwa amekonda, na karatasi yangu ndiyo ingesomwa.

Usigawe sinia kwa idadi ya watu. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza, kwa siku za kuandika tu, mtu unayempima apakuliwe sahani yake, ipimwe, kisha akipenda aimimine upande wake wa sinia ale na wenzake. Siku mbili kabla mjulishe mama wa nyumba ili asishtukizwe, na umweleze hii si desturi mpya, ni kwa siku hizo tu. Ya pili, hesabu matonge. Kila mtu ana tonge lake, na halibadiliki sana. Mwambie amege matonge matatu kama kawaida, ayaweke kwenye mizani badala ya mdomoni, uchukue wastani. Tonge la shangazi lina gramu 45. Kuanzia hapo anahesabu tu matonge, kama anavyohesabu tasbihi.

Ugali wenyewe una maji mengi, na nyumba moja husonga mgumu, nyingine laini. Kwa hiyo pima unga kabla na ugali baada. Siku moja kwa shangazi uliingia unga wa muhogo gramu 800 na ukatoka ugali wa gramu 2,100. Gawanya: kila gramu 100 za ugali ule zilikuwa na unga gramu 38. Alikula matonge tisa, gramu 405, sawa na unga gramu 154 hivi. Unga mkavu wa muhogo una kama kilokalori 340 hadi 360 kwa gramu 100, hivyo ugali wake ulikuwa zaidi kidogo ya kilokalori 500. Uzito wa sufuria tupu niliuandika kwa rangi ya kucha kwenye kitako chake, nisiwe natafuta kila siku.

Bakuli la mboga ni gumu zaidi, kwa sababu wanaochovya hawachovyi sawa. Kama unahitaji kujua, mtengee mboga yake. Kama huwezi, kubali kwamba hapo una makadirio, na uandike neno hilo, "kadirio", kando ya mstari.

Mawese, dagaa na mifupa

Mafuta ndiyo yanayosahaulika kuliko vyote, na ndiyo yenye nguvu kuliko vyote: gramu moja ina kilokalori 9, kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Kila nyumba hujibu "mafuta kidogo". Usiulize kidogo ni kiasi gani. Chukua chupa ya mawese, bandika utepe wa karatasi ubavuni, piga mstari kwa kalamu asubuhi ya siku ya kwanza na mwingine usiku wa siku ya mwisho. Asubuhi za baridi mawese huganda, yaote moto kidogo kwanza ndipo upige mstari. Andika pia ni mawese mekundu au mafuta ya kung'aa ya dukani, kwa sababu ule wekundu ndio karotini ambazo mwili huzigeuza vitamini A, na mafuta yaliyosafishwa yamepoteza wekundu huo.

Dagaa waandikwe ni wabichi au wakavu, wamepimwa kabla ya kupikwa au baada, wametolewa vichwa au la. Samaki mbichi robo tatu yake na zaidi ni maji. Ukisahau kuandika "wakavu", atakayesoma anaweza kukosea mara tatu au nne. Vichwa na miiba navyo si jambo dogo: dagaa akiliwa mzima, mlaji anapata madini ya chokaa ambayo mla mnofu wa sangala hayapati. Mgebuka pima anapopakuliwa, kisha pima mifupa iliyobaki sahanini, toa.

Vitu vya kukaanga au vyenye unga uliochanganywa vinahitaji hesabu ya mapishi yote. Vitumbua vya shangazi tulivipigia hivi. Mchele kilo moja, kilokalori 3,600 hivi. Sukari robo kilo, 1,000. Chupa ya mafuta ilipungua gramu 270, yaani 2,430. Jumla kama 7,030, na mapishi yale yalitoa vitumbua 70. Kimoja ni kilokalori 100. Vilivyovunjika sita ni 600, zaidi ya ule ugali wa mchana aliokuwa akiuogopa na kuupunguza kila siku.

Thamani za vyakula usizikisie. Kuna majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard, na humo yamo mapishi yetu, si ngano na viazi vya watu wengine.

Siku zipi, na ngapi

Kwa nyumba, mimi hupendekeza siku tatu zisizofuatana, mbili za kazi na moja ya mapumziko. Siku saba mfululizo zinachosha. Baada ya siku ya nne mwandiko unafupika na vitu vidogo vinatoweka. Na kuandika kwenyewe hubadilisha ulaji: mtu huacha kashata ili asiiandike, au mama hupika kitu kimoja ili asipime vitatu. Siku ya kwanza ndiyo iliyoathirika zaidi, iweke alama.

Kigoma tuna la kwetu. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Ukiandika siku tatu zote wakati wa mbalamwezi utapata nyumba ya maharage; ukiandika zote wakati wa giza utapata nyumba ya samaki. Tawanya siku zako kwenye mwezi mzima, na kando ya tarehe andika mwezi ulivyokuwa. Vivyo hivyo andika kama ni Ramadhani, msimu wa maembe, baada ya mavuno ya maharage. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Daftari la Julai mwaka ule lisilotaja jambo hilo litamdanganya kila atakayelisoma.

Idadi ya siku inategemea unatafuta nini. Ukitaka wastani wa kijiji kizima, siku moja kwa kila mtu inatosha, mradi watu ni wengi, siku za wiki zimetawanywa, na wachache wamerudiwa siku ya pili. Ukitaka mazoea ya mtu mmoja, siku moja haikwambii kitu. Na kwa vitamini A ni vigumu kuliko kwa nishati, maana ugali huliwa kila siku, lakini papai au maini huliwa siku moja kisha yasionekane wiki tatu.

Kama huhitaji gramu kabisa, kuna njia nyepesi. Mwaka 2016 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kipimo cha makundi kumi ya vyakula kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49: unahesabu makundi aliyokula mchana na usiku uliopita, na matano au zaidi ndiyo yanayotafutwa. Kilicho chini ya gramu 15, kama kijiko kimoja cha chakula, hakihesabiwi, kwa hiyo kipande cha kitunguu cha kuungia si mboga. Kipimo hicho kimetengenezwa kutazama kundi la wanawake. Usikitumie kumhukumu mama mmoja.

Ukikaa kumuuliza mtu

Mara nyingine daftari halikuwekwa, na huna ila kuuliza habari za jana. Wamarekani wameipanga kazi hii kwa hatua tano: kwanza mtu aorodheshe haraka bila kukatizwa; kisha umkumbushe vinavyosahaulika, vinywaji, vitafunwa, matunda; kisha saa na mahali; kisha undani wa kila kitu na kiasi chake; mwisho umwulize tena kama kuna kilichobaki. Nimeitumia mashambani na inafaa, ila hatua ya pili mimi huipitisha kwenye kazi za mtu, si kwenye majina ya vyakula. "Ulipokuwa unasubiri gari Gungu, ulikuwa unatafuna nini?" Mtu hukumbuka mahali kabla ya kukumbuka karanga.

Msalimie kama umri wake unavyotaka, kaa chini kuliko yeye kama ni mzee, na uso wako usiseme kitu. Usiseme "vizuri" akitaja mchicha. Ukimsifu kwa mchicha, soda hataitaja. Aibu ina njia mbili: mwenye mwili na mwenye sukari hupunguza, lakini nyumba ya wenye njaa huongeza, itakutajia nyama ambayo haikupikwa ili heshima ya baba isianguke mbele ya mgeni. Na mahali ambapo watu wanatarajia msaada, huweza kupunguza tena. Kabla hujauliza, waeleze kwa ukweli majibu yatafanya nini na hayatafanya nini. Usisome daftari la mtu mbele ya mtu mwingine. Kilichomtokea shangazi kwenye foleni ile kilimfanya akae miezi mitano bila kurudi kliniki, na hilo lina madhara kuliko vitumbua.

Kulipima daftari lenyewe

Daftari haliwezi kujithibitisha. Linahitaji shahidi wa nje. Mtu mzima, hata akilala kutwa, mwili wake hutumia nishati kwa kupumua, moyo kudunda na joto la mwili. Kwa mwanamke wa wastani ni kama kilokalori 1,200 hadi 1,400. Daftari likisema anakula 900 kila siku, na wiki zinapita uzito wake haushuki, kuna chakula hakikuandikwa. Usimwambie amedanganya. Mwulize tena kazi zake kuanzia alfajiri.

Wachunguzi wana shahidi mwenye nguvu zaidi: maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, ambayo mtu huyanywa, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa kuona kila kimoja kinavyotoka mwilini; tofauti yake huonyesha nishati iliyotumika. Mwaka 1992, New York, kwa njia hiyo walipimwa watu kumi waliokuwa wakisema wanakula kidogo mno na bado hawapungui. Waliripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula, na mazoezi walizidisha kwa asilimia 51. Hao ni watu wenye sahani zao. Nilimsimulia shangazi habari hizo. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na wao wana vyao vya kuvunjika."

Ukipeleka daftari kliniki, peleka lote lilivyo, pamoja na ukurasa wa hasara, na dawa zisibadilishwe nyumbani kwa sababu ya hesabu zako. Nilimsindikiza shangazi, tukaomba kuongea ndani, mlango umefungwa. Muuguzi wa siku hiyo, mama mtu mzima, alifungua ukurasa wa vitumbua kwanza, akausoma taratibu kwa kidole, akauliza swali moja: "Shangazi, vikivunjika, nani mwingine anaweza kuvila?"

Daftari bado analo, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni karibu na chumvi. Nilipopita mwezi uliopita mstari wa mwisho ulikuwa hivi: "Jumatano, giza. Vimepikwa 70, vimeuzwa 64, vimevunjika 6. Kimoja nimekula, vitano watoto wa jirani wakienda shule."